Baba, Mama, Wewe Pia Uwe na Kaye ya Kilo



Pita asubuhi karibu na nyumba ya afya siku ya kupima watoto, iwe hapa Kolwezi ao kule Fungurume. Utaona wamama wamepanga mstari, kila mmoja na mtoto mgongoni na fishi yake mkononi. Ukiuliza wanaenda wapi, watakujibu tu: "Tunaenda ku kilo." Mtoto anatundikwa kwenye mizani, analia, muuguzi anasoma uzito, kisha anatia alama ndogo kwenye fishi. Mwezi ujao anatia nyingine. Ukiunganisha alama hizo unapata njia. Njia ikipanda, mama anacheka. Ikilala ao ikishuka, muuguzi anauliza: "Mama, mtoto anakula nini? Alikuwa na homa? Aliharisha?"

Fishi ile ilizaliwa hapa Afrika. Munganga mmoja Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi Ilesha katika inchi ya Nigeria tangu miaka ya 1950, ndiye aliyeitengeneza, na kutoka huko ikaenea duniani. Hekima yake ni nyepesi: usitazame alama moja, tazama njia inaelekea wapi. Mtoto akipunguza kilo mwezi mmoja, muuguzi anaweza kumsaidia, kwa sababu anaona. Lakini mama aliyekaa miezi 5 bila kuja, fishi yake ina nafasi tupu, na muuguzi hawezi kusema kitu. Alama mbaya inasaidia. Nafasi tupu haisaidii.

Sasa nakuuliza: wewe baba, wewe mama, fishi yako iko wapi? Mara ya mwisho ulipimwa kilo lini?

KUTOKA POSHO MPAKA KITI CHA MASHINI

Wazee wetu walijua kupima chakula. Union Minière, iliyoanza mwaka 1906, iliwagawia wafanyakazi wake posho: unga, maharagi, karanga, mafuta, chumvi, kila kitu kwa kipimo. Ndiyo maana mpaka leo wengi wetu tunaita siku ya kesho yake Yenga "siku ya posho". Kampuni ilipima chakula kwa sababu ilitaka mikono yenye nguvu kwa kazi nzito. Mtu alikula unga ule, akauteketeza wote kwa sururu na kwa pawa. Kilo hazikupata mahali pa kukaa.

Kazi nyingi zimegeuka. Leo kijana wetu anaendesha lori kubwa ndani ya mgodi, anakaa kwenye kiti saa 12. Kazini kuna kantini, sahani imejaa. Akirudi nyumbani, bibi amemngojea na bukari, maana mume aliyetoka kazini hawezi kulala bila kula. Mwili unafanya kazi ya mtu aliyeketi, lakini unakula posho ya mtu wa sururu. Kile kinachobaki kinakwenda tumboni.

Najua hii si habari ya kila nyumba. Katika mji huu huu kuna ndugu wanaochimba kwa mikono kutoka asubuhi, na kuna watoto wanaolala njaa. Ukiwa wewe ni wa nyumba hizo, ukurasa huu haukuambii upunguze kula. Nawaandikia wale ambao mkanda wao umeongezwa tundu mara mbili, wanaopanda ngazi wakihema, walioambiwa na munganga: "Tansio iko juu, sukari inaanza kupanda, punguza kilo."

Kuna shida nyingine kwetu. Unene tunauita heshima. Pasta mwembamba, watu wanasema kanisa lake halimtunzi. Mama akikonda, majirani wanaulizana kwa sauti ya chini ana ugonjwa gani. Kwa hiyo tunakaa na kilo zetu, tunapewa sifa, na tansio inakula mishipa kimya kimya. Yaya yangu alisifiwa hivyo hivyo. Alianguka siku ya kazi, upande mmoja wa mwili ukapooza, na tangu siku ile bibi yake ndiye anayemlisha kwa kijiko. Alikuwa na miaka 51.

KAYE YANGU YA KWANZA

Baada ya jambo hilo nilienda kupimwa. Mizani ilisema kilo 98, na tansio ilikuwa karibu na ile ya yaya. Munganga alinipa dawa, kisha akaniambia: "Pasta, ununue kaye. Uandike kila kitu unachokula na kila kutembea. Urudi nayo."

Nilicheka moyoni. Mimi niliyesoma shule ya Biblia, niandike bukari sawa mtoto wa shule? Lakini nilinunua kaye ya kurasa 48 na biki, nikaanza.

Siku za kwanza nilishangaa. Nilikuwa nimesema mbele ya munganga: "Mi shikulake mingi." Kaye ilinijibu. Kila nyumba niliyotembelea walinipa sukre, maana huwezi kumpa mchungaji maji tu. Siku ya tatu nilihesabu chupa 4. Chupa ya Coca-Cola ya sentilitre 33 ina gramu karibu 35 za sukari, ni kusema vijiko karibu 9 vya chai. Mara nne! Kama mtu angeniwekea vijiko 36 vya sukari kwenye sahani, ningekimbia. Lakini nilivinywa vyote, nikashukuru, nikaomba baraka kwa nyumba.

Niliandika siku 11. Siku ya 12 kulikuwa kilio. Tulikaa usiku kucha, asubuhi wakaleta bukari, nyama na mchele, na mimi nilikula sawa mtu asiye na munganga. Niliporudi nyumbani nilitazama kaye, nikaona haya. Nikasema: "Kesho nitaandika." Kesho yake nilikuwa na siku mbili za kuandika, nikakumbuka vibaya. Kesho kutwa nikasema: "Nitaanza upya siku ya kwanza ya juma." Juma likapita, na mwezi ukapita. Siku moja nikakuta mtoto wangu anafanya hesabu zake za kuzidisha ndani ya kaye ile. Sikumgombeza. Mimi niliyeiacha ningesema nini?

Ndugu, uone kitu kilichoniangusha. Kula kwenye kilio kulikuwa kosa la siku moja. Kile kilichoua kaye ni kwamba sikutaka kuandika siku ile. Nilitaka kaye yenye siku nzuri tu. Nilifanya sawa Adamu katika bustani: baada ya kula, alijificha kati ya miti. Na Mungu alimwuliza yuko wapi. Je, Mungu hakujua? Alijua. Lakini Adamu ndiye aliyepaswa kujitokeza aseme.

WATU WENYE ELIMU WALIONA NINI?

Usifikiri haya ni mambo ya pasta mmoja tu. Mwaka 1992, waganga wa New York walichukua watu 10 wanene waliokuwa wakisema hawali mingi, na bado kilo hazishuki. Waliwapima kwa njia ya kisayansi isiyodanganywa. Wakakuta kwamba watu wale walihesabu karibu nusu tu ya chakula walichokula kweli, na kazi ya mwili waliizidisha kwa karibu nusu. Hawakuwa waongo. Walisahau tu, sawa vile wewe na mimi tunavyosahau karanga tulizochukua kwa mkono tukipita jikoni.

Mwaka 2008 ilitangazwa kazi nyingine ya Marekani, juu ya watu karibu 1,700. Wote walifundishwa kula vizuri, kutembea, na kukutana kwa kikundi kila juma. Wale walioandika chakula karibu kila siku walipunguza kilo mara mbili kuliko wale ambao hawakuandika. Kisha, mwaka 2019, watafiti wa chuo kikuu cha Vermont walihesabu dakika. Mwanzoni watu walitumia dakika karibu 23 kwa siku kwa kuandika. Baada ya miezi 6, dakika karibu 15 tu. Na waliofaulu hawakuwa wale walioandika kwa marefu. Walikuwa wale walioandika mara nyingi, mara 3 ao zaidi kwa siku, hata kama ni mstari mfupi.

Faida ni nini? Mwaka 2002 Wamarekani walitangaza matokeo ya kazi kubwa juu ya watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia ugonjwa wa sukari. Kundi moja liliombwa kupunguza sehemu 7 kwa 100 za uzito wao na kutembea dakika 150 kwa juma, wakiandika chakula na kutembea kwao. Katika kundi hilo, ugonjwa wa sukari ulipungua kwa sehemu 58 kwa 100, ukilinganisha na wale waliopewa kidonge kisicho na dawa. Sehemu 7 kwa 100! Kwa mtu wa kilo 100 ni kilo 7. Hakuna aliyeombwa kuwa mwembamba sawa kijiti.

NAMNA YA KUANDIKA

Usingoje telefone ya bei kali. Kaye ya shule na biki vinatosha. Na usitafute vipimo vya wazungu. Tumia vya nyumbani: ngumi ya bukari, kijiko cha mafuta, kikombe cha maharagi, kipande cha samaki. Huu ni ukurasa mmoja wa kaye yangu ya pili:

Asubuhi: chai, sukari vijiko 3, mkate nusu.
Kabla ya mchana: vitumbua 3 (sikuvipanga).
Mchana: bukari ngumi 2, sombe, Thomson kipande 1.
Jioni: sukre chupa 1, kwa kutembelea mgonjwa.
Usiku: bukari ngumi 2, maharagi, mafuta mengi.
Mwili: kutembea dakika 35, kwenda kanisani na kurudi.
Neno: vitumbua nilikula juu ya hasira, si juu ya njaa.

Mstari ule wa mwisho ulinifundisha kuliko yote. Baada ya juma 3 niliona kwamba kila siku ya mkutano wa wazee wa kanisa nilikula vitumbua. Sasa siku hiyo natembea kwanza.

Andika pale pale, usingoje usiku. Chakula cha mchana, usiku umeshakisahau. Andika pia vinywaji na mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori karibu 120, na sombe ya kwetu inaweza kumeza vijiko vingi bila kuonekana. Chupa ile ya sukre ina kalori karibu 140, na mtu mzima anapaswa kutembea haraka karibu nusu saa ili kuziteketeza. Hesabu hiyo tu inatosha kukufanya uombe maji.

Utaniuliza: "Pasta, na kama tunakula kwa sahani moja, baba na watoto wote?" Swali zuri. Kula pamoja ni baraka, usikuache. Lakini unaweza kukata sehemu yako ya bukari tangu mwanzo, ukaiweka upande wako, na mboga vilevile. Ikiisha, unaendelea kuketi na kuongea, mkono umepumzika.

Juu ya mwili, Shirika la Afya la Dunia linaomba mtu mzima apate dakika 150 kwa juma, kidogo kidogo. Ni dakika 30 kwa siku 5. Toka asubuhi na mapema, mbele malori hayajajaza vumbi barabarani, na utembee ndani ya mitaa, si kando ya njia kubwa. Kulima, kupiga maji kwenye pompi na kuyabeba, kucheza mpira na vijana, vyote ni kazi ya mwili. Viandike.

Jipime kilo mara moja kwa juma, siku ile ile, asubuhi. Usijipime kila saa, maana maji ya mwili yanapanda na kushuka, na utavunjika moyo bure. Kama huna mizani, chukua kamba, zungusha tumbo kwenye usawa wa kitovu, ufunge kifundo. Mwezi ujao zungusha tena. Mwanaume akipita sentimetre 94, na mwanamke akipita 80, hatari ya magonjwa inaanza kupanda.

SIKU UNAYOTAKA KUFICHA

Nilipoanza kaye ya pili, nilijiwekea sheria moja tu: siku mbaya haitarukwa. Nikikosa nguvu ya kuandika yote, nitaandika mstari mmoja. Kuna ukurasa umeandikwa: "Arusi. Nilikula mingi sana. Sikuhesabu." Ndivyo tu. Na kesho yake: "Chai, sukari kijiko 1." Kaye iliendelea kuishi.

Mama mmoja wa kanisa letu aliniletea kaye yake, nikaisoma, nikamsifu: juma 4 bila kitumbua hata kimoja! Akainamisha kichwa: "Pasta, njo vile niliogopa kuandika." Nikamwambia kwamba munganga hataki kaye safi. Anataka kaye ya kweli. Juma lililofuata alileta nyingine, yenye vitumbua, yenye mafuta, yenye machozi kidogo. Kutoka hapo ndipo tulianza kusaidiana, na kilo zake zikaanza kushuka.

Maandiko yanasema nini? Katika Luka 14, Bwana Yesu anafundisha kwamba mtu anayetaka kujenga mnara anaketi kwanza kuhesabu gharama. Katika Luka 16 anasema juu ya uaminifu katika kitu kidogo. Paulo, katika 1 Wakorinto 9, anasema juu ya mkimbiaji anayeutawala mwili wake. John Wesley, ambaye wandugu Wametodisti wa Lualaba wanamjua vizuri, alianza kuandika siku zake mwaka 1725, akiwa kijana wa miaka 21, na mwaka 1747 alitoa kitabu cha afya kwa watu maskini, akiwashauri kula kwa kiasi na kutembeza mwili. Alikufa mwaka 1791 akiwa na miaka 87. Kuandika hakumwokoi mtu, neema ndiyo inaokoa. Lakini mtu aliyesamehewa haogopi kusoma ukurasa wake.

MAONYO MACHACHE

Kwanza, mama mwenye mimba, mama anayenyonyesha, na mtoto anayekua wasijaribu kupunguza kilo bila munganga. Anayemeza dawa za sukari ao kupigwa sindano zake, aulize kabla ya kupunguza chakula, kwa sababu sukari inaweza kushuka ghafula. Na mtu mwenye dawa za tansio asiziache kwa sababu amenunua kaye.

Pili, kilo zikishuka bila wewe kutafuta, usishangilie. Nenda lopitali. Inaweza kuwa kifua kikuu, sukari, ao ugonjwa mwingine unaohitaji dawa mapema.

Tatu, kwa ninyi vijana, zaidi wasichana: kaye hii si ya kujilinganisha na picha za telefone. Ukiona unaogopa kula, ao unajitapisha, funga kaye na uongee na mama yako ao na munganga. Mwili wako ni hekalu, si adui.

Nne, majirani watasema. Watakuuliza kama umepata ugonjwa. Jibu kwa upole: "Hapana, niliupata zamani, sasa nautoa." Na wewe unayemwona ndugu amekonda, usieneze maneno. Hujui ameandika kurasa ngapi.

TUANZE

Mimi nilitoka kilo 98, na baada ya miezi 14 nikafika 91. Si ajabu kubwa. Kuna miezi mizani ilikataa kusogea, na mwezi mmoja wa sikukuu ilipanda kilo 2. Lakini nikitazama kurasa zote, naona njia, sawa fishi ya mtoto. Tansio imeshuka. Munganga amepunguza dawa moja, si mimi niliyeipunguza. Na yaya, ninapomtembelea, ananiomba kwa ulimi wake mzito nimsomee kaye, anacheka akisikia vitumbua.

Ndugu msomaji, juma hili fanya vitu vitatu. Nunua kaye. Tafuta mtu mmoja wa kuisoma nawe kila juma: bibi yako, mume wako, rafiki wa kwaya, ao wamama wa kikundi chenu. Kisha andika leo, hata kama leo umekwisha kula vibaya. Zaidi sana kama umekula vibaya. Usingoje siku ya kwanza ya juma.

Wamama wetu wanabeba watoto mgongoni, wanasimama kwenye jua, ili fishi isiwe na nafasi tupu. Mtoto yule anakuhitaji uwe hai na mwenye nguvu siku atakapomaliza masomo. Jifanyie wewe pia ile unayomfanyia yeye.

Bwana awape afya ya mwili na ya roho.